Kopo Lenye Harufu ya Iliki

Kwa Mathias, Kibaha
6 Aprili 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepumzika baada ya pilikapilika za Idi. Sisi huku hatujambo. Abdulwahab bado ni mlinzi pale stesheni ya Soga na anakusalimu sana. Zile bamia ulizotuma amezila peke yake, kana kwamba nimeolewa na mbuzi.

Mama, nina mimba, huu mwezi wa tatu. Sikutaka kuisema kwenye simu. Ile ya mwaka juzi niliitangaza mapema, na ilipoharibika ikawa kazi yangu kumpigia kila mtu kumweleza. Safari hii mnajua wewe na mume wangu tu.

Sasa nisome bila kununa. Seifu, yule mnunuzi wako, amenifikishia mfuko wako wa vijiti vya udongo, na sijui ulijuaje kwamba nautamani. Lakini Jumatano kliniki nesi alituambia kwamba huu udongo tunaokula tukiwa na mimba una madini mazito, hasa madini ya risasi. Akasema risasi inaingia kwenye damu ya mama, inapita hadi kwa mtoto, inaharibu ubongo wake, na mimba nyingine hutoka kwa sababu yake. Nilikaa kwenye benchi mpaka foleni ikanipita. Mwaka juzi nilikula udongo asubuhi, mchana na jioni, wa kwako, na nilikuwa nikijisifia kwa majirani.

Nimeutupa, Mama. Usinitumie tena. Naogopa sana kilichobaki kwenye damu yangu.

Mwanao akupendaye,
Siwema


Kurui, Kisarawe
13 Aprili 2025

Mwanangu Siwema,

Marahaba, na hongera sana. Mimi mzima, goti linauma kwa zamu na leo si zamu yake. Mwambie mkwe wangu bamia bado zipo, na mbuzi wangu hawali kwa adabu kama yeye.

Unauliza nilijuaje. Siku ya Idi uliniuliza kwenye simu kama mkwaju wetu umezaa, kabla hata hujanisalimia. Mtoto niliyemzaa mwenyewe atanificha nini?

Nimenuna, sitakudanganya. Bibi yako alichimba udongo ule mlimani, mimi nikachimba baada yake, na nilikula nikiwa na mimba yako hadi siku ya uchungu. Wewe ukasoma mpaka kidato cha nne. Udongo wangu ninautwanga, naupitisha kwenye chekeche, naukanda kwa iliki na chumvi kidogo, naufinyanga vijiti, naukausha juu ya moshi wa makumbi ya nazi, kisha naumalizia motoni. Uchafu gani unabaki baada ya moto? Nesi wako aje huku nimwonyeshe.

Lakini mimba ni yako na hofu ni yako. Sikutumii tena. Wote nitamuuzia Seifu, maana siku hizi anakuja na pikapu yake kila wiki na anasema wateja wa Dar hawatosheki. Ana moyo mzuri yule kijana. Barua zetu anazibeba bila kudai hata asante, naye anajua huku mtandao mpaka upande mlimani.

Kula, ulale, na ndoo za maji umwachie mumeo.

Mama yako,
Mwanaamina


Kwa Mathias, Kibaha
11 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Goti bado lina zamu, au limehamia kabisa? Huku tunamshukuru Mungu, mvua imetuharibia njia tu.

Nimepata dawa ya hofu yangu. Hapa mtaani yuko Bi Elinipa, mama mtu mzima wa kwaya ya Walutheri, anauza dawa lishe. Siku za kliniki anakaa nje ya geti na kikapu chake, kwa sababu anajua tukitoka kwenye somo la nesi tunatoka tukitetemeka. Ameniuzia kopo la unga wa kijivu. Limechorwa mlima unaotoa moto, na lina maandishi ya kigeni ambayo Abdulwahab ameyageuza huku na huku akayashindwa. Bi Elinipa anasema ni madini ya volkano kutoka ng'ambo. Yakifika tumboni yananasa risasi, zebaki na madini mazito yote, yanatoka nayo chooni. Kijiko kimoja kwenye maji asubuhi, kimoja jioni.

Bei sikwambii, utaanguka na goti lako hilo. Lakini unanyweka, Mama. Una harufu nzuri ya iliki, kumbe na wao huko wanaipenda. Tangu nianze, hata hamu ya udongo imeniisha na usiku nalala.

Na juzi mtoto amecheza. Nilimwamsha Abdulwahab akaweka mkono, hakuhisi kitu, akasema amehisi.

Mwanao,
Siwema


Kurui, Kisarawe
25 Mei 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi umepata usingizi, na mtoto kucheza ndiyo habari niliyokuwa naingojea. Hilo kopo silielewi, ila kama limekutoa hofu, Mungu amlipe huyo mama wa kwaya. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa vidole vinakufa ganzi na tumbo limekaza. Uzee huo, nao haubishi hodi.

Huku kazi imekuwa kazi. Seifu anataka magunia, si mifuko tena. Shimo la mlimani halikutosha na njia yake ni ya miguu, kwa hiyo mwezi uliopita alituonyesha mahali pengine kando ya barabara, palipokwisha kufyekwa, pikapu inafika hadi mdomoni mwa shimo. Wanawake karibu wote wa kitongoji tunachimba, tunafinyanga, tunachoma. Ashura wa hapa jirani amepaua nyumba kwa bati kwa udongo huo. Nami nakuwekea akiba ya kuja kukukanda ukijifungua. Mchele, mafuta ya nazi na khanga nimeshaanza kununua.

Abdulwahab asile kila kitu kabla sijafika.

Mama yako,
Mwanaamina


Kwa Mathias, Kibaha
15 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Nyama ya kuchinja ilifika, tumeila na majirani.

Mimi siko vizuri sana, ila usishtuke. Kichwa kinagonga, choo hakipatikani, na mdomoni kuna ladha kama nimelamba sarafu. Nilimweleza Bi Elinipa, akapiga makofi. Akasema hizo ndizo dalili kwamba sumu inatoka. Ilijificha ndani sana na sasa inafukuzwa. Ameniongezea vijiko, sasa ni vitatu asubuhi na vitatu jioni. Naona kweli, maana kitu kikitoka lazima kiumize.

Nikakumbuka ganzi yako ya vidole na tumbo lako. Huo si uzee, Mama, hayo ni madini ya miaka yote ile. Kwa hiyo nimekununulia na wewe kopo, Seifu atakuletea pamoja na barua hii. Nimelifunga kwa gazeti ili asiulize maswali. Anza na kijiko kimoja, na usinune.

Mwanao,
Siwema


Kurui, Kisarawe
22 Juni 2025

Siwema mwanangu,

Salamu zitangoja. Jana nilipanda mlimani na simu ya jirani, nikakwambia usinywe tena kile kikopo, halafu nikakata. Najua ulidhani nimechanganyikiwa. Nimechanganyikiwa kweli.

Seifu alinikabidhi mzigo wako akaniambia, "Bi Mwanaamina, mwanao anakupenda." Alipoondoka nikafungua gazeti, nikaona huo mlima wenye moto, nikafunua kifuniko. Harufu ilinifikia kabla sijaona kilichomo. Nikalamba kidole. Nikadhani mikono yangu ndiyo ina udongo wa asubuhi, nikaenda kunawa kwa sabuni, nikarudi nikalamba tena.

Ni udongo wangu, Siwema. Iliki yangu, chumvi yangu, moshi wa makumbi yangu. Wamesaga vijiti vyetu wakavitia kwenye kopo. Sikujiamini, nikasaga kijiti kimoja kinuni, nikaweka unga huu na ule kwenye sahani moja, nikamwita Ashura anionyeshe upi wa kopo. Alionja, akaonja, akashindwa. Na yeye ndiye tunayekanda naye kila siku.

Uliogopa udongo wa mama yako ukautupa, ukaenda kuununua kwa mama wa kwaya, ukanywa vijiko sita kwa siku. Na mimi nikamwombea Mungu amlipe.

Lipeleke kopo kwa nesi, leo hii. Barua anakuletea Hashiru, yule anayeleta muhogo sokoni Kibaha. Seifu asiguse barua zetu tena.

Mama yako,
Mwanaamina


Kwa Mathias, Kibaha
29 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui niseme naendeleaje.

Nilichukua kopo nikaenda kwa Bi Elinipa nimpige nalo. Wallahi nilikusudia. Nikamkuta anawakorogea wajukuu zake wawili unga huohuo kwenye uji. Nilipomsomea maneno yako, alimnyang'anya mdogo kikombe mdomoni, uji ukamwagika, mtoto akalia, na yeye akalia zaidi ya mtoto. Hakujua, Mama. Yeye huchukua makopo kwenye stoo moja, na mwenye stoo alimpa karatasi ya kusema. Abdulwahab alikwenda huko na mlinzi mwenzake. Wamekuta mashine ya kusagia, makopo matupu hadi darini, na magunia yenye jina la Seifu.

Nesi alifunga mlango. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza ni kinamama wangapi wamenunua. Nikamwambia kila anayetoka kwenye somo lake. Anatutisha na udongo ndani ya geti, tunaununua nje ya geti.

Wamenitoa damu, imepelekwa Dar pamoja na kopo. Nesi anauliza udongo huo unachimbwa wapi hasa, na kama karibu kuna kiwanda, gereji, au mahali watu wanapoyeyusha betri za magari. Anasema risasi ndiyo iliyomo ndani ya betri.

Nijibu upesi. Mtoto anacheza, ila sasa kila akicheza naogopa.

Mwanao,
Siwema


Kurui, Kisarawe
6 Julai 2025

Mwanangu,

Sina afya ya kukueleza. Swali la nesi wako nililisoma mara moja tu, likatosha.

Pale kando ya barabara, alipotuonyesha Seifu, pamefyekwa kwa sababu mwaka juzi walikuja watu na malori ya betri mbovu. Walikuwa wanazipasua na kuyeyusha vilivyomo. Moshi wao ulituchoma macho, nyuki wa mzinga wa Mzee Jumbe wakafa wote. Kisha wakahama. Sisi tulikwangua majivu yao kwa jembe, tukachimba chini yake. Sikukuandikia kwa sababu sikujua kama ni jambo. Tulijua tutauchoma, na moto unaua kila kitu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na mama yangu, na ndivyo nilivyowafundisha wenzangu.

Ule uliotupa mwezi wa nne ulikuwa wa mlimani. Huo wa kopo ni wa kwenye betri.

Seifu alikuja jana. Nikasimama mbele ya pikapu yake, nikamwita muuaji. Hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Mimi siuzi sumu, Bi Mwanaamina. Nauza udongo wako." Nimekwenda kwa mtendaji wa kata, ameandika, amesema watu wa afya watakuja kutoka wilayani. Wenzangu wamekasirika na mimi kuliko wanavyomkasirikia Seifu. Ashura hanisalimii.

Niambie habari ya damu. Ikiwa mbaya niambie hivyohivyo.

Mama yako,
Mwanaamina


Kwa Mathias, Kibaha
27 Julai 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Uliniomba nisifiche. Majibu yametoka, risasi ipo kwenye damu yangu, na ni nyingi. Unga wa kopo nao umejaa risasi.

Nilimwuliza daktari anipe dawa ya kuitoa. Akaniambia hakuna unga wala kidonge cha kununua mtaani kinachoitoa. Iko dawa ya hospitali, wanampa mtu aliyezidiwa sana, huku wakimwangalia, na kwa mwenye mimba wanaogopa. Kwangu dawa ya kwanza ni kuacha kuiingiza. Amenipa vidonge vya damu, na amesema nile dagaa, mchicha, maziwa. Mama, nilijisikia kama nimeambiwa niende nyumbani nikapike.

Akaeleza kwamba risasi hukaa kwenye mifupa miaka mingi, na mimba ikija huichota ikampa mtoto. Nikamwuliza kiasi gani ni cha kopo, kiasi gani ni cha udongo niliokula tangu utotoni. Akasema kipimo hakiwezi kutenganisha. Hata wa mlimani hawezi kuapa kwamba ulikuwa safi, mpaka upimwe. Nilifikiria nisikuandikie hili. Nimeandika kwa sababu anataka na wewe ukapimwe, na bila sababu usingekwenda.

Sikulaumu. Nataka ulisome hilo vizuri.

Mwanao,
Siwema


Kwa Mathias, Kibaha
24 Agosti 2025

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu hujajibu. Hashiru anasema amekukabidhi zote mkononi, na kwamba ulizipokea bila kuuliza kitu. Simu ya jirani inaita, inapokelewa, naambiwa umekwenda shambani. Shamba gani hilo lisilo na jioni?

Kama umekasirika, nigombeze. Kama unaumwa, sema nije hata kwa kutambaa. Nimekuwa mkubwa siwezi kufunga viatu, Abdulwahab ndiye anayenifunga na anafunga vibaya. Nina hofu tangu naamka, na mtu ninayemwambia hofu zangu ni wewe.

Mwanao,
Siwema


Kurui, Kisarawe
31 Agosti 2025

Mwanangu Siwema,

Marahaba. Nisamehe. Sikukasirika, niliogopa kalamu.

Nilikwenda hospitali Kisarawe nikapimwa. Yangu ni nyingi kuliko yako, mara mbili na zaidi. Daktari aliuliza nimeanza lini kula udongo, nikamwambia sikumbuki nikiwa siuli. Watu wa wilayani wamekuja, wamezungushia shimo utepe, wamechukua udongo wa huku na wa mlimani. Seifu haonekani, wanamtafuta. Wanawake wawili wamekata utepe na wanachimba, wanasema wanangoja mnunuzi mwingine. Nimesimama nikawaambia kwamba mwanangu ana risasi na mjukuu wangu anayo kabla hajazaliwa. Mmoja akaniuliza, "Na bati langu nilikamilishe kwa hela gani?"

Kuhusu kuja kukukanda, tafuta mtu mwingine. Najua ni aibu, mtoto wa kike kujifungua na mama yake yuko hai asimkande. Lakini mikono hii ndiyo iliyofinyanga. Kila nikiitazama naona nilivyokulisha. Mchele na khanga nitampa Hashiru. Mafuta ya nazi ununue huko huko Kibaha, yangu yameguswa na mikono hii.

Nakuombea kila sala.

Mama yako,
Mwanaamina


Kwa Mathias, Kibaha
28 Septemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Umeshasikia kwa simu kwamba ni msichana na kwamba tuko hai, ila mengine sikuweza kuyasema watu wakiwa wamejaa chumbani. Amekuja mapema, ni mdogo, ananyonya kwa hasira. Wamempima damu, nayo anayo. Wanasema kwa sasa hakuna cha kufanya ila kumfuatilia, kuona atakaa lini, atatamka lini, atatembea lini. Kwa hiyo kila akipiga chafya namtazama. Akilala sana naogopa, asipolala naogopa.

Nikueleze la jana. Bi Elinipa alikuja kutupongeza. Si mtu mbaya, Mama, wajukuu zake nao wamekutwa na risasi na amekonda. Aliketi kitandani, akambeba mtoto, akaimba, akanirudishia nimnyonyeshe. Kisha akatoa kwenye kikapu kopo jipya, la rangi ya kijani, lenye picha ya jani. Akanong'ona kwamba lile la kwanza lilikuwa la matapeli, hili ndilo la kweli, na linaondoa ile sumu iliyotoka kwenye lile. Amekwishaanza kuwapa wajukuu. Abdulwahab, aliyeyaona magunia kwa macho yake, alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

Nilifungua mdomo nimfukuze. Mama, maneno yaliyotoka ni, "Ni kijiko kimoja au viwili?"

Nilijisikia nikiuliza. Nikashtuka mpaka mtoto akaacha ziwa. Nililirudisha kopo, Bi Elinipa akaondoka akilia, lakini hakuondoka na hamu yangu. Leo nimekaa dirishani tangu asubuhi nikimngoja apite, na sijui akipita nitamwambia nini.

Acha habari ya mikono. Daktari nilimwuliza, amesema inanawiwa kwa maji na sabuni kama mikono ya watu wote. Sihitaji kukandwa. Nahitaji ndani ya nyumba hii awepo mtu ambaye kopo likifunguliwa atajua, na atakataa mimi nikiwa nimeshindwa. Hashiru anarudi Kurui leo na barua hii, kesho alfajiri anakuja tena Kibaha na muhogo. Nimemwambia akuachie nafasi mbele.

Panda, Mama. Usijibu kwa barua.

Mwanao,
Siwema